Nukta Moja Iitwayo Mwadui

Machi 1940, katika nyika ya Shinyanga, mwanajiolojia wa Kanada aitwaye John Thoburn Williamson alilipata bomba la kimberlaiti alilokuwa akilisaka kwa miaka. Alikuwa amefanya kazi kwanza Mabuki, kwenye machimbo madogo ya almasi ya upande wa Mwanza, akaamini kwamba chanzo kikubwa zaidi kimejificha mahali fulani chini ya udongo wa Usukuma. Silaha zake zilikuwa sururu, koleo, chekecheo na macho. Bomba lenyewe lina hekta 146 kwenye uso wa ardhi, moja ya makubwa kabisa kati ya yale yaliyowahi kuchimbwa kwa faida popote duniani. Oktoba 1947 lilitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, ikachongwa hadi karati 23.6 na kupewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake.

Habari za almasi hiyo zimeandikwa hadi zikachosha. Historia nyingine ya Mwadui haijasimuliwa sana: jinsi nyika hiyohiyo ilivyoanza kutazamwa kutoka juu, kwanza kwa picha zilizosimama, kisha kwa picha zinazotembea, na jinsi mabishano ya wataalamu wa kompyuta wa Marekani na Ulaya kuhusu dirisha la kuzionyeshea yalivyoamua nini afisa wa Tanzania angeweza kuona mezani kwake. Bomba la Williamson litatufaa kama kipimo. Hekta 146 hazibadiliki. Kinachobadilika ni idadi ya nukta zinazolionyesha kwenye skrini.

Baadhi ya picha za awali hazikuwa hata na nukta. Kati ya mwaka 1977 na 1980 ndege za kampuni ya Geosurvey International ziliruka chini chini juu ya Tanzania yote, mstari kwa mstari, kilomita moja kati ya mstari na mstari, zikipima usumaku wa miamba. Matokeo yake yalichorwa kwenye karatasi kwa mistari ya kontua, na kwa miaka mingi mtafiti wa madini aliyetaka kujua nini kimelala chini ya Kahama, Geita au Shinyanga alikunjua karatasi hizo Dodoma, makao ya idara ya jiolojia tangu enzi za Waingereza. Karatasi ina sifa moja ambayo skrini haijaifikia: haihitaji umeme. Lakini haitembei.

Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilikuwa imerushwa kabla ya ndege hizo, Julai 23, 1972. Nukta yake moja ilifunika takriban mita 80 kwa 80, kwa hiyo bomba la Mwadui lingepata nukta kama 230 hivi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1975, kituo cha kikanda cha upimaji na ramani kilianzishwa Nairobi, ambacho leo kinajulikana kwa kifupi cha RCMRD, na kizazi kizima cha wapima ardhi wa Afrika Mashariki kilijifunzia huko namna ya kusoma picha hizo. Tatizo lilikuwa muda. Landsat ilirudi juu ya eneo lilelile kila baada ya siku 18, na ikikuta mawingu inaondoka na picha ya mawingu. Katika msimu wa mvua, yaani msimu ambao mkulima ana la kuuliza, picha za kufaa zilikuwa za kuokoteza.

Hapa inabidi kusema neno juu ya mvua za Shinyanga, maana bila hilo mabishano ya madirisha hayaeleweki. Mvua huanza karibu na Novemba na kwisha mwanzoni mwa Mei. Katikati, kwa kawaida Januari au Februari, kuna wiki kadhaa za ukavu ambazo kila mkulima wa pamba na mtama anazijua. Mtu akipewa picha moja ya Februari yenye ardhi ya kahawia, hawezi kujua kama anatazama pumziko la kila mwaka au mwanzo wa njaa. Anahitaji kuona Novemba, Desemba na Januari zikipita mbele ya macho yake, kisha aone miezi hiyohiyo ya mwaka uliotangulia. Kwa afisa wa tahadhari ya njaa, picha inayotembea ndiyo kazi yenyewe.

Njaa ya Ethiopia na Saheli ya mwaka 1984 na 1985 ndiyo iliyofungua mifuko ya wafadhili. Marekani ilianzisha mpango wa FEWS mwaka 1985 ili kuiona njaa kabla haijafika. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, likaanzisha mfumo wa ARTEMIS huko Roma mwaka 1988, na nchi za kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwamo, zikapata kitengo chao cha picha za setilaiti mjini Harare. Wote walitegemea setilaiti za hali ya hewa za NOAA, ambazo hupita kila siku. Mtafiti Compton Tucker wa NASA na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba ukilinganisha mwanga mwekundu, ambao jani hai huufyonza, na mwanga wa karibu na mwekundu usioonekana kwa macho, ambao jani huurudisha, unapata kipimo cha ukijani kiitwacho NDVI. Picha za siku kumi ziliunganishwa kuwa moja, ikichaguliwa kwa kila nukta thamani ya juu kabisa ili mawingu yachujwe. Mwaka mzima ukawa picha 36.

Bei ya kupata picha kila siku ilikuwa ukungu. Katika picha zilizosambazwa Afrika, nukta moja ilikuwa na upana wa karibu kilomita 8, sawa na hekta 6,400 hivi. Bomba la Mwadui lingeingia humo zaidi ya mara 40. Eneo lote la leseni ya mgodi, zaidi kidogo ya kilomita za mraba 30, halikufikia nusu ya nukta. Mgodi uliotoa almasi ya malkia, shimo lake, mji wake, bohari na mabwawa yake, vyote viliyeyuka katika kijani kimoja pamoja na mashamba ya jirani.

Sasa nukta hiyo ionyeshwe wapi?

Marekani, jibu lilikuwa tayari linapiganiwa. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Wisconsin, chini ya Verner Suomi, kilikuwa kimeunda McIDAS, mfumo uliomwezesha mtaalamu wa hali ya hewa kuyaona mawingu yakitembea kwenye skrini, na huo ulihitaji mitambo maalumu iliyojengwa kwa kazi hiyo tu. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 kompyuta za Unix za mezani zilikuwa na nguvu ya kutosha, na swali likawa mfumo upi wa madirisha ubebe picha. Katika chuo cha MIT, Bob Scheifler na Jim Gettys walianzisha X mwaka 1984. Toleo la 11, ambalo uti wake wa mgongo unatumika hadi leo, lilitoka Septemba 1987. Kampuni ya Sun ilikuja na NeWS, kazi ya James Gosling, mtu yuleyule aliyebuni baadaye lugha ya Java. Wengi waliozijua zote mbili walikiri kwamba NeWS ilikuwa nzuri zaidi kwa michoro. Ilishindwa. X ilitolewa bure pamoja na msimbo wake, na Sun ilitaka malipo ya leseni. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 mchezo ulikwisha, na McIDAS yenyewe ikahamia kwenye X.

Mwandishi wa programu ya picha zinazotembea hakuwa na raha na X hata hivyo. X ilijengwa juu ya wazo la kwamba programu inaweza kukimbia kwenye mashine moja na dirisha lake likafunguka kwenye nyingine, mbali, kupitia mtandao. Wazo zuri kwa maandishi na vitufe. Kwa picha ni balaa: kila fremu, nukta kwa nukta, lazima isafirishwe kutoka kwa programu hadi kwa seva ya skrini, hata kama vyote viwili viko ndani ya sanduku moja. Ndiyo sababu MIT ilibidi iongeze njia ya mkato iliyowaruhusu wawili hao kutumia eneo moja la kumbukumbu. Waandishi wengine walizipakia fremu zote upande wa seva kabla ya onyesho kuanza, kisha wakawa wanaziita moja baada ya nyingine. Ilikuwa njia ya kasi, ilimradi kumbukumbu itoshe.

Rangi nazo zilikuwa kisa. Skrini nyingi za wakati huo zilimudu rangi 256 kwa pamoja, na programu zote zilizofunguliwa zilipaswa kugawana. Programu ya kisayansi iliyotaka ngazi 256 za ukijani ilibidi ijimilikishe jedwali zima la rangi. Mtu akihamisha kipanya kwenda dirisha jingine, picha inabadilika ghafla kuwa zambarau na machungwa, akirudi inatengemaa. Waliofanya kazi na mashine hizo hawasahau kumetameta kule. Windows ya Microsoft, iliyoanza kuchukuliwa kwa uzito tangu toleo la 3.0 la mwaka 1990, ilikuwa na dawa yake yenye ubahili: ilijitengea rangi 20 za mfumo na kukuachia 236.

Mabishano hayo yote yalidhani kwamba kuna kompyuta ya Unix mezani. Katika wizara za kilimo na idara za hali ya hewa za Afrika Mashariki haikuwapo. Mashine moja ya Sun au ya Silicon Graphics iligharimu maelfu mengi ya dola, ilitaka fundi wake na chumba chenye ubaridi, na fahari kubwa ya X, kufungua dirisha kupitia mtandao, haikuwa na maana mahali ambapo mtandao wenyewe haujafika. Kilichokuwapo ni kompyuta ya kawaida ya aina ya IBM, yenye DOS, printa inayolia na kiimarisha umeme chini ya meza.

Kwa mashine hiyo mpango wa FEWS uliandika programu iitwayo IDA, ambayo haikuwa na mfumo wowote wa madirisha. Faili lake lilikuwa na kichwa cha baiti 512, na baada ya hapo baiti moja kwa kila nukta, basi. Ukifanya hesabu utaona jinsi wepesi huo ulivyokuwa na faida. Tanzania ina upana wa takriban kilomita 1,200 kwenda mashariki na karibu vivyo hivyo kwenda kusini, kwa hiyo mraba wa nukta 160 kwa 160 unaifunika yote. Hizo ni baiti 25,600. Zidisha kwa picha 36 za mwaka: hata megabaiti moja haijafika. Msimu mzima wa nchi nzima, kutoka Kagera hadi Mtwara, uliweza kuingia kwenye disketi moja ya megabaiti 1.44 na kusafiri katika bahasha. Angekuja mtu na fremu za upana wa 512 kwa 512, picha 36 zingekula megabaiti 9, wakati kompyuta ya kawaida ya ofisini katika siku za Windows 3.1 ilikuwa na megabaiti mbili au nne za kumbukumbu.

Katika miaka ya 1990 IDA ikapata mrithi, WinDisp, iliyoandikwa na Eric Pfirman na John Hogue na kusambazwa bure kwa ushirikiano wa FAO, FEWS na kitengo kile cha Harare. Jina lenyewe linatangaza uamuzi: Windows. Si X. Kitaalamu, uamuzi huo ulikuwa na kasoro ambazo mwanasayansi yeyote wa Unix angezicheka. Katika Windows 3.1 programu moja iliyoshika usukani haikulazimika kuuachia. Ikizama katika hesabu ndefu, mashine nzima inasubiri. Lakini WinDisp ilimfikia mtu aliyeihitaji. Iliweza kulinganisha siku kumi za mwaka huu na siku kumi zilezile za mwaka jana au za wastani wa miaka mingi, kuchora mstari wa msimu wa wilaya moja, kubandika mipaka juu ya picha na kutoa ukurasa wa kuchapisha kwenye taarifa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ni moja ya programu zilizoamuliwa kwa busara zaidi katika historia ya teknolojia ya tahadhari barani Afrika, na haina hata robo ya umaarufu wa X.

Picha hizo hazikuwa mapambo. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziligeuza Afrika Mashariki kuwa kijani kisicho cha kawaida, na homa ya Bonde la Ufa ikalipuka kwa mifugo na watu. Watafiti waliporudi kwenye picha za ukijani na joto la bahari waliona kwamba dalili zilikuwa zimejitokeza mapema. Mwaka 2006 walizitumia kutoa onyo, na mlipuko ukaja kweli mwishoni mwa mwaka huo, ukaanzia Kenya na Somalia na kuingia Tanzania mwaka 2007.

Upande wa mawingu, mambo yalikwenda kwa kasi nyingine. Setilaiti ya kwanza ya Meteosat, iliyorushwa Novemba 1977, ilipiga Afrika picha kila nusu saa, picha 48 kwa siku; kizazi cha pili, kilichoanza kazi mwaka 2004, kinapiga kila robo saa, yaani 96. Ili nchi za Afrika zisibaki gizani, mradi wa PUMA uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya kati ya 2001 na 2005 uliweka vituo vya kupokelea picha katika nchi 53. Mwaka 2016 Meteosat-8 ilisogezwa hadi nyuzi 41.5 mashariki, karibu kabisa na longitudo ya pwani yetu, na ngurumo za Ziwa Victoria zikaanza kuonekana kutoka juu badala ya pembeni.

Migodi nayo ilipita njia yake. Programu za kuchora miamba katika pande tatu, Vulcan kwa mfano, zilikulia kwenye kompyuta za Unix kabla ya kuhamia Windows. Dhahabu ya kanda ya ziwa ilipofumuka, Nzega mwaka 1998, Geita 2000, Bulyanhulu 2001, uhamaji huo ulikuwa ukiendelea.

Kilichobomoa ukuta kati ya wenye mashine na wasio nazo hakikuwa mfumo mpya wa madirisha. Mwaka 2008 Kristian Høgsberg alianza Wayland, mfumo ulioandikwa kuirithi X kwa ahadi kwamba kila fremu itaonekana ikiwa kamili au haitaonekana kabisa. Ni kazi nzuri. Lakini mwaka huohuo Marekani iliamua kutoa picha zote za Landsat bure, na Desemba 2010 Google ikatangaza Earth Engine, ambako hesabu zinafanyika kwenye mashine za mbali na kivinjari kinaonyesha majibu tu. Ndoto ya zamani ya X, programu kule na dirisha huku, ilitimia kupitia mlango wa nyuma. Juni 2015 Ulaya ikarusha Sentinel-2 ya kwanza, yenye nukta ya mita 10, na pacha wake alipojiunga mwaka 2017 eneo moja likawa linapigwa picha kila siku tano.

Rudi kwenye kipimo chetu. Kwa Sentinel-2, hekta 146 za Williamson ni nukta 14,600. Ngitili ya familia, yale malisho ambayo Wasukuma huyafungia ili yatumike wakati wa kiangazi, na ambayo mradi wa HASHI uliyafufua kuanzia mwaka 1986, haikuweza kuonekana kabisa katika nukta ya kilomita 8. Sasa ngitili ya hekta mbili ina nukta 200, na inaweza kutofautishwa na shamba la jirani mwezi kwa mwezi.

Uwezo huo ulijaribiwa kwa uchungu. Novemba 7, 2022 ukingo wa bwawa la majitope la mgodi wa Mwadui ulipasuka, na tope la kijivu likatiririka juu ya mashamba na makazi upande wa vijiji vya Ng'wanholo na Nyenze, wilayani Kishapu. Hakuna aliyepoteza maisha. Mashamba, visima na nyumba viliharibiwa. Muda mfupi baadaye picha za setilaiti za kabla na baada zilikuwa zinapita mbele ya watu walio mbali na Shinyanga, fremu mbili zinazopokezana: kijani na kahawia, kisha kijivu. Wahandisi waliokuwa hawajawahi kuikanyaga Usukuma waliweza kufuatilia njia ya tope hatua kwa hatua.

Swali ni kama mtu wa Ng'wanholo naye aliweza. Kivinjari kinafunguka kwenye simu yake, hilo halina ubishi, na picha ni bure. Bando si bure. Onyesho la picha zinazotembea la mwaka mmoja katika tovuti nyingi za leo linapakua megabaiti nyingi kuliko disketi kadhaa za WinDisp, kwa eneo dogo kuliko wilaya. Wanaoandika sasa programu za kuonyesha picha za ardhi na mvua kwa ajili ya maafisa ugani, wachungaji na wanakijiji wanaoishi chini ya mabwawa ya migodi waanze kupima kazi yao hapo: je, msimu mzima wa Kishapu unaweza kuingia katika megabaiti 1.44?